Mama wa Kwenye Kalenda

Nilipigwa picha ile nikiwa na miaka ishirini na saba, siku ya nne baada ya kufika mji wa Baraka kwa miguu. Mapigano yalikuwa yametutoa kwetu Kilembwe. Nilikuwa nimeteremka na wanangu wawili, mdogo mgongoni, mkubwa nikimvuta mkono, katikati ya majirani ambao kila mmoja alikuwa ameokoa kitu cha ajabu: mmoja alibeba mlango wa nyumba yake kichwani, mwingine kinu bila mchi. Mume wangu alikuwa mbali, kwenye machimbo ya dhahabu, na hakujua kama tuko hai.

Tulipewa hifadhi katika darasa la shule ya msingi. Siku hiyo ya nne alikuja kijana mmoja mwenye viatu visivyo na vumbi hata kidogo, jambo gumu sana Baraka wakati wa kiangazi. Alikuwa na shirika dogo la kusaidia wanawake wenye shida. Watu walimwita Kordo, kwa kukata neno la Kifaransa la mratibu, nami nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake sitaki lipate nafasi katika maandishi yangu.

Tulipanga mstari. Kila mwanamke alipewa ndoo, sabuni na kikwembe kimoja cha kujifunga. Nilipofika mbele, Kordo aliniangalia usoni kwa muda, kisha akaisogeza ndoo yangu pembeni.

"Mama, kuja kwanza hapa. Tunapiga foto kidogo."

Akanisimamisha kwenye ukuta uliobanduka rangi. Akaniambia nivue kandambili. Nilikuwa nimefunga kilemba vizuri asubuhi ile, kitu pekee nilichoweza kukifanya vizuri; akaniambia nikifungue. Mwanangu mdogo alikuwa anaichekea kamera, nami nikajikuta nacheka naye.

"Apana, mama, usicheke. Fikiri mambo mabaya."

Nikafikiri mambo mabaya. Hayakuwa mbali. Alipomaliza alinipa karatasi mbili za Kifaransa zinazofanana, akanionyesha kwa kidole mahali pa kutia saini, moja akachukua yeye, moja akanipa mimi. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita. Kiswahili nilikisoma bila shida, lakini Kifaransa kilikuwa kimebaki salamu tu. Nikatia saini. Nikachukua ndoo yangu nikarudi darasani.

Miezi ilipita. Nilipata chumba cha kupanga, nikaanza kuuza mawese kwa chupa. Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, mdogo alishikwa na homa, nikampeleka kwenye kituo cha afya. Juu ya meza ya muuguzi ilikuwa imetundikwa kalenda mpya. Niliiona kabla sijakaa. Ilikuwa sura yangu, kubwa kuliko sura yenyewe, nywele wazi, macho yameanguka, na chini yake mistari mitatu ya Kifaransa.

"Inasema nini pale chini?" nikauliza.

Muuguzi aliangalia kalenda, akaniangalia mimi, akajifanya anatafuta kipimajoto. Nikauliza tena. Akasoma polepole, akitafsiri neno kwa neno, sauti yake ikizidi kushuka: kwamba mwanamke huyu alibakwa na watu wenye silaha mbele ya watoto wake, kwamba jamii imemkataa, na kwamba kwa mchango wako anaweza kuishi tena.

Hakuna aliyenibaka. Ninawajua waliofanyiwa hivyo; wawili kati yao tulilala nao katika darasa lile la hifadhi. Aibu haikuwa yao, ilikuwa ya waliowatenda. Lakini waliponiambia walininong'oneza, wakanishika mkono ili nisiseme, na mpaka leo sijasema. Kwa hiyo kalenda ile iliniuma mara mbili. Kwangu ilikuwa uongo. Na hata kama ingekuwa kweli, nani alimpa Kordo ruhusa ya kuutundika ukweli wa namna hiyo juu ya meza ya dawa, mahali ambapo Baraka nzima inapita na watoto wake?

Siku hiyo hiyo nilikwenda ofisini kwake, mtoto yuko mgongoni, bado ana joto. Kordo alikuwa anakunywa chai.

"Mimi sikubakwa," nikamwambia.

"Mama, si lazima ikuwe weye. Ile foto inasimamia bamama bote."

"Basi toa sura yangu, weka ya mama yako."

Alicheka kidogo, kama mtu anayechekea utani wa mtoto. "Ile foto iliisha kuenda Ulaya. Haiwezi tena kurudi. Na ndoo, si ulipata?"

Nilirudi nyumbani. Hata sasa, nikiandika, naisikia sauti ile ikisema ndoo.

Kaka wa mume wangu ndiye aliyemfikishia kalenda huko machimboni. Mume wangu alirudi nayo imekunjwa kama bomba. Alikaa kitandani, akaitandaza juu ya magoti, akaigeuza upande wa mwanga.

"Ni kweli?"

"Hapana."

"Basi juu ya nini ulikubali bakupige foto?"

"Walinipa ndoo," nikasema. Halikuwa jibu, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Alikaa nasi wiki mbili. Alinunulia watoto viatu. Kisha akarudi machimboni, na baada ya muda tukasikia ameoa mwanamke mwingine huko. Alikuwa mtu dhaifu, hilo nalijua leo. Lakini alikuwa wangu, na watoto walimpenda.

Sikulia kwa muda mrefu. Nilianza kumchukia Kordo, na nilimchukia kwa bidii, kila siku, kabla ya kazi na baada ya kazi. Kanisani kwetu kulikuwa na masomo ya Kifaransa kwa watu wazima, mara tatu kwa wiki. Wenzangu walikuja ili wapate kazi. Mimi nilikuja ili niisome karatasi niliyotia saini. Nilikuwa nimeihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro. Ilinichukua mwaka mzima kufika mahali pa kuielewa sentensi yote bila kuuliza mtu: kwamba natoa sura yangu, milele, popote, bila masharti. Niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani. Nikaendelea na masomo.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwanamke wa kusoma karatasi. Biashara ya mawese ilikua, nikapata meza yangu sokoni, tena chama cha wauza mawese kikanichagua kuwa katibu. Wanawake walianza kuniletea kila kitu kilichoandikwa Kifaransa: barua za mahakama, mikataba ya nyumba, vyeti vya hospitali. "Soma kwanza, mama, ndio nitie saini." Nilisoma kila neno. Na miaka yote hiyo nilikuwa nikimwona Kordo akipita na gari jeupe, baadaye na gari kubwa zaidi, na kila mwaka mpya kulikuwa na kalenda mpya yenye sura ya mwanamke mwingine.

Miaka kumi na kitu ilipita hivyo. Kisha rafiki yangu mmoja tuliyekua naye Kilembwe, ambaye sasa anaishi Kanada, alinipigia simu. Yeye na wanawake wengine wa Fizi, eneo letu, walioko ng'ambo walikuwa wameungana. Walitaka kusaidia wanawake wenye shida huku nyumbani, lakini walikuwa wamechoka kutuma vitu na kupokea picha za watu wanaopiga makofi.

"Tunataka kuchagua shirika moja tu," akasema. "Weye uko pale. Uende uone kwa macho, utuandikie. Wewe hakuna mutu atakudanganya na karatasi."

Alinitumia majina matatu. La tatu lilikuwa la shirika la Kordo.

Niliweka simu mezani. Nikapika bugali na ndagala wadogo wa ziwani, nikala kwa hamu ambayo sikuwa nayo siku nyingi. Binti yangu, ambaye alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa, aliniuliza kwa nini ninaimba.

Shirika la kwanza lilinipotezea asubuhi moja tu. Lilikuwa na kibao kizuri barabarani na mlango wenye kufuli lenye kutu. Jirani aliniambia mwenye shirika anafungua wageni wanapokuja kutoka Bukavu. La pili lilikuwa kundi la akina mama wa kanisa moja, watu wazuri, wanaopikia wagonjwa wasio na ndugu hospitalini. Nilipouliza kama wanampikia na mwanamke asiye wa kanisa lao, walitazamana, wakasema wanaomba juu ya jambo hilo. Niliandika hivyo hivyo: wanaomba.

Kwa Kordo nilijipanga. Nilimwambia nitafika saa tatu, nikafika saa sita. Nilimkuta amesimama mlangoni, jasho kwenye kola. Hakunitambua. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, ila si kwa hilo. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniita madamu, akanifungulia soda baridi, na machoni mwake hakukuwa na kitu chochote. Sura aliyoisambaza mpaka Ulaya ilikuwa mbele yake, na yeye haijui.

Nikampa kazi. Nilimwomba hati za usajili. Alipozileta, nikamwomba nakala zilizopigwa mhuri. Akaenda kutafuta mhuri. Nilimkalisha kwenye benchi la wageni, nje, jua kali, nikijifanya nasoma. Siku ya pili nikamrudisha tena kwa ajili ya ukurasa mmoja. Siku ya tatu pia. Nakiri kwamba ukurasa ule sikuuhitaji.

"Wanawake hawa wa ukutani," nikamuuliza, nikionyesha kalenda zilizopangwa kwa miaka, "walikubali kuwekwa hapa?"

"Bote walitia saini, madamu."

"Na mmoja akitaka atolewe?"

Akatabasamu. "Haijafikaka hata siku moja."

Niliandika jibu hilo kwenye daftari langu neno kwa neno, kalamu ikikwaruza.

Kazi yenyewe ya shirika, alisema, ilikuwa Lweba, kando ya ziwa, katika kituo cha kushona. Alitaka kunipeleka kwa gari lake. Nikakataa. Siku ya Alhamisi nilipanda pikipiki bila kumwambia, nikitarajia kukuta kibanda kitupu. Ripoti ilikuwa tayari kichwani mwangu, na ilikuwa tamu.

Kituo hakikuwa kitupu. Chini ya paa la mabati walikuwa wanawake zaidi ya ishirini, baadhi wa pale ziwani, baadhi wakimbizi kutoka milimani wenye Kiswahili cha lafudhi ya Kinyarwanda, wamekaa mchanganyiko, mapaja yamejaa vitambaa. Cherehani zilikuwa saba, mbili zimefungwa kwa waya. Nyuma kulikuwa na chumba chenye vitanda vitatu kwa ajili ya mwanamke yeyote aliyefukuzwa nyumbani, na zamu ya kupika imeandikwa kwa chaki mlangoni. Hapakuwa na picha ya mtu ukutani.

Mwalimu wa ushonaji alikuwa mama wa milimani, mrefu, mwenye sauti ya chini. Nilimwomba niongee na wanawake bila yeye kuwapo. Akaondoka mara moja, bila kinyongo, akaenda kuanua mihogo. Waliniambia mengi. Kordo huja mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi na moja, na mpiga picha. Mwalimu hajalipwa kwa muda mrefu. Anaishi kwa kushona sare za shule, na nusu ya anachopata ananunulia uzi wa kituo.

Aliporudi, alisimama akanikazia macho.

"Ni weye ule mama wa ku kalenda," akasema.

Miaka yote nilikuwa nikingoja mtu aseme maneno hayo, lakini nilitaka yatoke kinywani mwa Kordo. Akanivutia kiti.

"Nilipofika toka milimani, foto yako ilikuwa ku ukuta wa kituo cha afya. Nilikuangalia sana. Nilikuwa nasema, huyu mama, angalau bamemusaidia."

Nikamweleza yote. Ndoo, saini, mume, karatasi chini ya godoro. Alisikiliza akiwa anakata uzi kwa meno. Nilipomaliza akauliza, "Sasa umekuja kutusaidia sisi ao kumuua yeye?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na sisi."

Nilirudi Baraka na hasira mpya. Nilikuwa nimeenda kuchukua kisasi changu, nikakikuta kimekaliwa na wanawake zaidi ya ishirini. Nikiandika vibaya juu ya shirika, kituo kinakufa. Nikiandika vizuri, Kordo anapata gari jingine. Kwa siku kadhaa niliuza mawese nikiwakosea wateja chenji. Kisha nikafanya nilichozoea kufanya, nikaziangalia karatasi. Zile hati alizonipigia mhuri kwa jasho, nikazisoma zote, na za mwisho nilizisoma nimesimama. Kiwanja cha Lweba hakikuwa cha shirika. Chifu alikuwa amekitoa, kwa maandishi, kwa "wanawake wa Lweba wanaojifunza kushona." Cherehani zilikuwa zimetolewa na wafadhili kwa wanawake hao hao. Kordo hakuwa mwenye kitu chochote pale. Alikuwa na kibao tu, na mpiga picha.

Nikarudi Lweba. Kwa miezi miwili, mwalimu na mimi tulikwenda kwenye ofisi za serikali, tukasajili chama cha wanawake wenyewe, kwa jina lao, wao wakiwa viongozi. Kila karatasi niliisoma kwa sauti mbele yao wote, kwa Kiswahili, kabla ya mtu yeyote kushika kalamu. Mmoja alikataa kutia saini siku ya kwanza. Tukamsubiri. Baada ya wiki alikuja mwenyewe. Nikawaandikia wenzetu wa Kanada yote niliyoyaona, wakakubali.

Kwa Kordo nilituma ujumbe mmoja tu: matokeo yatatangazwa Lweba, asubuhi, mbele ya chifu na mchungaji. Sikumdanganya. Nilimwacha ajidanganye.

Alikuja amevaa koti na tai, na bango la shirika limekunjwa kwapani, na mpiga picha nyuma yake. Alisalimia watu kama bwana harusi. Nilisimama nikaisoma barua ya Kanada, kwamba wanawake wa Fizi walioko ng'ambo wamechagua kuwasaidia wanawake wa kituo cha Lweba, moja kwa moja mikononi mwao, katika chama chao. Niliona tabasamu lake likisubiri jina la shirika. Nilikunja barua. Tabasamu likabaki pale, halijui liende wapi.

"Na shirika?" akauliza.

"Shirika gani?"

Wanawake walicheka. Nilikuwa nimeota kicheko kile kwa miaka, na kilikuwa kizuri kuliko nilivyoota.

Kisha nikatoa karatasi yangu kwenye mfuko wa plastiki. Nikaisoma kwa Kifaransa, nikaitafsiri. Nikamwambia mimi ni nani. Alinitazama, akatafuta sura yangu usoni mwangu, na safari hii aliipata. Mdomo wake ulifunguka.

"Mama, tulikuwa tunatafuta musaada. Juu yenu."

"Simama pale ukutani," nikasema. "Vua koti."

Alidhani natania. Mchungaji aliangalia viatu vyake. Sijui kwa nini Kordo alitii. Labda kwa sababu macho yote yalikuwa upande mmoja. Alivua koti. Shati lilikuwa limelowa.

"Usicheke," nikamwambia, ingawa hakuwa anacheka. Nikamgeukia mpiga picha. "Piga."

Akapiga. Nadhani alikuwa ameshalipwa.

Nyuma ya kila kalenda ya Kordo kulikuwa na nembo na anwani za mashirika yaliyomfadhili. Niliyaandikia yote, kwa Kifaransa changu cha kanisani. Nikaweka karatasi yangu, kalenda yangu, na ile picha ya ukutani, na chini yake nikaandika mistari mitatu: kwamba huyu aliuza sura za wanawake pamoja na uongo, kwamba mwenye kutaka kuhakikisha aje Lweba, na kwamba mimi ninaweka jina langu. Tofauti na yeye, kila neno langu lilikuwa kweli.

Nilimwonyesha mwalimu yote kwenye simu kabla ya kutuma. Alisoma, akarudisha simu.

"Umefanya sawa na yeye."

"Mimi nimesema kweli."

"Kweli, ndiyo. Na ruhusa, alikupa?"

Nikatuma.

Mashirika mawili yalikuja kuuliza. Hayakuhitaji kuuliza sana. Gari lake kubwa liliondoka kwanza, kisha ofisi. Wanawake walipohesabu cherehani kulingana na hati, moja ilikosekana, mpya kuliko zote. Ilikuwa nyumbani kwa Kordo. Nilijitolea kwenda kuichukua, na sikumpa mtu mwingine nafasi hiyo.

Mke wake alikuwa anashona. Kipande cha gauni la shule kilikuwa chini ya sindano, mkono mmoja umeshashonwa.

"Mama, uniache nimalize huu mukono tu," akasema. "Mutoto anaanza masomo kesho."

"Toa uzi."

Aliniangalia. Akachukua mkasi, akakata. Nikaibeba cherehani mpaka kwenye pikipiki, nikaifunga kwa kamba nyuma yangu, na njia nzima ya kwenda Lweba nilijisikia mwepesi. Ningependa kuandika kwamba niliona huruma. Huruma haikuja siku ile.

Baadaye tulisikia Kordo amepanda boti kwenda Kalemie kutafuta kazi. Akaacha mke na watoto wanne kwenye nyumba ya kupanga. Kabla ya msimu wa mvua kwisha, mke wake alikuja Lweba, ameshika mtoto mdogo mkono, wengine watatu nyuma yake, akasimama nje ya paa mpaka alipokaribishwa. Mwenye nyumba alikuwa amemtoa. Aliomba kitanda, na kujifunza kushona vizuri.

Wanawake walikaa kuamua, na mimi kama mshauri wao niliombwa kusema. Nilisema hapana. Nilisema alikula na kuvaa kwa pesa za sura zetu, akashonea cherehani yetu. Niliongea kwa muda mrefu na kwa ufasaha.

Mwalimu aliinua mkono. "Mama, siku ulifika toka Kilembwe na batoto wako, walikuuliza bwana yako ni nani?"

Walipiga kura. Kura ya hapana ilikuwa moja. Ilikuwa yangu. Usiku ule mke wa Kordo alilala katika kitanda cha katikati.

Ninaendelea kwenda Lweba kila Alhamisi kusoma karatasi zao. Kwa wiki nyingi hatukusalimiana, yeye na mimi. Alijifunza haraka, alikuwa na mkono mzuri. Siku moja mvua kubwa ilitufungia chini ya mabati, wenzetu wakiwa wamekwenda shambani. Alikuwa anatia vifungo kwenye shati.

"Mama," akasema bila kuinua kichwa, "ulinichukia na mi?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa. "Na mi nilikuchukia."

"Sawa."

Alimaliza kifungo, akaanza kingine. Simu yake ikalia. Aliangalia jina, akapokea, akasikiliza muda mrefu, kisha akaishusha na kuifunika kwa kiganja.

"Ni yeye. Anajua kila Alhamisi uko hapa. Anaomba umusamehe. Anasema Mungu anasamehe."

"Basi aongee na Mungu."

"Nimwambie vile?"

"Vile vile."

Aliinua simu sikioni. "Anasema uongee na Mungu," akamwambia mume wake, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Upande wa pili sauti ilipanda. Alisikiliza kidogo, akabonyeza kitufe, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

"Amekata?" nikauliza.

"Apana. Ni mi nimekata."

Akanisogezea kopo la vifungo, nikaanza kumchagulia vinavyolingana.